Bi Kwanza na Namba Isiyofungwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Kwanza anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kutafuta washiriki wa utafiti kituoni kwetu. Sisi wanafunzi wa kamati ya vijana, tuliokuwa tukimsomea matangazo kabla hayajatoka, tumepewa heshima ya kumwandikia.

Alianza kwa miguu, fomu kwapani, akigonga mageti. Wafanyakazi wa ndani aliotaka kuwasikia hawakuruhusiwa kumfungulia. Facebook ilipoingia alifurahi kweli, na mkuu wa kituo akamtania kwamba sasa viatu vyake vitapumzika.

Tangazo lake la kwanza liliuliza, "Je, unateswa na mwajiri wako?" Msichana mmoja akaandika chini yake, "Mimi hapa, nisaidieni," jina na picha yake vikionekana na kila mtu. Bi Kwanza alikuwa kikaoni. Aliporudi mezani, dada wa mwajiri alikuwa ameshajibu: "Kumbe ndiyo unayoyaandika ukiwa kwetu? Subiri." Kufikia jioni msichana alikuwa amefukuzwa na simu yake imezimwa. Bi Kwanza alimtafuta kwa miezi mingi, asimpate.

Hakumlaumu mtu ila nafsi yake. Tangu hapo matangazo yalitaja tu "mazungumzo kuhusu kazi za nyumbani", na sehemu ya maoni ilifungwa. Aliyetaka kushiriki alituma ujumbe wa faragha, na kabla ya kuulizwa jina aliulizwa: "Kwanza, simu hii ni yako peke yako?" Ndiko lilikotoka jina la Bi Kwanza. Aliyejibu hapana aliombwa afute ujumbe na atafute simu iliyo salama. Watafiti walinung'unika kwamba anawapunguzia watu, yeye hakutetereka. Hata mkuu alipomwandikia kuhusu kikao, aliulizwa vilevile. Jibu likaja: "Hapana, mimi mkewe. Kikao gani hicho cha Jumapili?"

Zaidi ya wafanyakazi mia tisa wamesikika kupitia kwake. Yeye bado humtaja yule mmoja.

Wiki iliyopita, akikabidhi simu ya ofisi, aliomba jambo moja tu: namba isifungwe, maana ndiyo iliyokuwa kwenye tangazo lile la kwanza, alilolijibu yule msichana. Mkuu amekubali.

Asante, Bi Kwanza. Nenda ukapumzike, na siku zako ziwe za utulivu. Simu ikiita, tutaipokea. Akiwa ni yeye, tutakujulisha siku hiyohiyo.