Kinyozi Aliyeziogopa Mechi za Machi

Padre, mama yetu Mireya, ndugu, jamaa, majirani wa Consuelo, na ninyi wateja ambao baadhi yenu mpaka leo hamjamaliziwa kunyolewa, mimi ni Arelis, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya baba yetu, nami nitayasoma bila kumpamba, maana alituonya mapema kwamba akisikia anasifiwa uongo atainuka kwenye jeneza aanze kubisha.

Marehemu Nicasio Reynoso, ambaye wengi mlimwita Don Nica, alizaliwa tarehe 14 Desemba 1951, siku ya Mtakatifu Nicasio, ndiko jina lilikotoka, katika kambi ya wakata miwa nje kidogo ya mji huu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Anselmo Reynoso, mkata miwa, na Bi Tomasa Mota, aliyeuza mikate ya kukaanga langoni mwa kiwanda cha sukari. Mtoto wa kwanza alikuwa Eliseo, na historia ya baba haisomeki bila Eliseo.

Baba alisoma shule ya msingi hapa hapa Consuelo kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, alikuwa mzuri wa hesabu na mbovu kabisa wa besiboli, alirusha mpira kama mtu anayefukuza kuku jikoni, hayo ni maneno ya kaka yake na baba mwenyewe hakuyapinga. Eliseo ndiye aliyejaliwa mkono, alikuwa mrushaji wa timu ya kiwanda, Jumapili alirusha mechi ya asubuhi na bado akarudi kurusha ya jioni, watu wakimbeba mabegani, na Februari 1964 akachukuliwa kwenda Florida, Marekani, kujaribiwa kwenye mechi za Machi, zile za kujinoa kabla ligi haijaanza, ambazo matokeo yake hayahesabiwi popote. Kiwiko kilikuwa kinamuuma tangu Krismasi na hakumwambia mtu, akapanda kituta cha kurushia katikati ya uwanja siku ya baridi, akarusha kwa nguvu zake zote ili aonekane, na kabla ya Pasaka alikuwa amesharudi nyumbani na mkono wa kulia usiopanda kupita kifua. Baba alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku ile yeye ndiye aliyemchana kaka yake nywele, akamfunga vifungo vya shati na kumnyoa ndevu kila asubuhi, mpaka Eliseo alipofariki mwaka 1997. Ndivyo baba alivyojifunza ukinyozi.

Tarehe 2 Machi 1970 alifungua kibanda chake cha kunyolea karibu na uwanja, akafanya kazi hapo zaidi ya miaka hamsini, na wote mnajua kwamba miezi kumi na moja alikuwa kinyozi na mwezi wa Machi alikuwa mtu mwingine. Redio ikianza kutangaza mechi za Florida, na baadaye televisheni, wembe uliwekwa chini kila mrushaji mchanga alipoingia, mteja akabaki amekaa na povu shavuni. Don Ramiro, uliye pale nyuma na kofia yako, ulimlilia, "Nica, maliza huu upande, jamani, nina ubatizo!" naye akakujibu, "Subiri, huyu kijana ameshagusa kiwiko mara mbili," ukasema, "Ameumwa na mbu!" na ukaenda kumsimamia mtoto wa watu ubatizo ukiwa na nusu kichwa, picha zipo.

Watu walisema mechi za Machi ni mchezo tu, baba alisema ndizo mechi za hatari kuliko zote, kwa sababu mwezi wa Julai mrushaji ana kocha anayemhesabia mipira na nafasi yake anayo, lakini mwezi wa Machi kila kijana wa kwetu anagombea kuonekana, mwili bado haujapata moto, na anarusha mpira wa Julai kwa mkono wa Machi. Aliwakosoa makocha, aliwakosoa wasaka vipaji, lakini aliowakasirikia hasa ni vijana wenyewe, kwa kuficha maumivu kana kwamba wameyaiba. Alikosea pia, tena sana, kuna mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto alimtangazia kifo cha kiwiko kila Machi kwa miaka kumi na moja, na kijana yule akazidi kushinda, ikawa mkiingia kibandani mnamwamkia, "Don Nica, maiti yako imeshinda tena jana!" naye anajibu bila kugeuka, "Mwacheni, kiwiko hakina haraka."

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Mireya Castillo, katika parokia hii, mama alimkubali kwa sharti kwamba harusi isiwe Machi, akasema anataka bwana harusi ambaye akili yake ipo kanisani. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa mwaka 1982, na mdogo wangu Yeuris, aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1998, mama akiwa ameshagawa nguo zote za watoto.

Yeuris alizaliwa na mkono wa Eliseo. Baba hakumfundisha kurusha hata mara moja, aliogopa, lakini hakumzuia, na Julai 2016 timu moja ya ligi kuu ya Marekani ilipomsainisha, baba alifunga kibanda na kulia waziwazi barabarani. Ndoto yake tangu utotoni ilikuwa kusikia jina la Reynoso likitangazwa mwezi wa Machi, ilikuwa pia hofu yake kubwa, na mambo haya mawili alikaa nayo miaka yote.

Mwishoni mwa Januari 2019, Yeuris alipangiwa kwenda Florida, akaja kibandani kunyolewa kabla ya safari, na baba alipompa kioo ajitazame kisogo, akakipokea kwa mkono wa kushoto, shuka nayo akaiweka sawa kwa kushoto. "Kiwiko kinauma?" baba akauliza. "Hakiumi." "Yeuris, nakuuliza kinauma?" "Baba, nyoa!" Baba akamaliza kunyoa, akampangusa shingo, akaingia chumba cha nyuma akampigia kocha wa timu ile simu, akamwambia, "Kiwiko cha mwanangu ni kibovu, kipimeni." Walikipima, wakakuta mshipa umechanika, safari ikafutwa, Aprili akapasuliwa, mwaka ule ukapotea na uliofuata ukapotea na korona.

"Umeniuza, Baba," Yeuris alimwambia mlangoni, mbele yetu sote, "umeniuza kwa simu moja." Baba akajibu, "Sawa, nichukie, lakini nichukie ukiwa na mikono miwili." Tangu siku hiyo Yeuris aliingia na kutoka nyumbani bila kumwomba baba baraka, na ninyi mnajua kwetu mtoto havuki kizingiti bila kusema "baraka, Baba", akamwomba mama peke yake, miaka sita, na baba hakurudi nyuma hata kidogo. Mama alimsihi aombe radhi, akakataa, akasema, "Niombe radhi kwa kitu ambacho kesho nitakifanya tena?" Iliniuma kuwatazama, wote wawili vichwa vigumu namna ile.

Agosti 2023 moyo wa baba ulianza kuchoka, akafunga kibanda, akalazwa mara kadhaa hospitalini San Pedro, na Februari hii tukapata habari kwamba Yeuris ameitwa kwa mara ya kwanza kwenye kambi ya timu kubwa kule Florida, si ile ya vijana, nafasi zilizobaki zikiwa chache na vijana wengi. Jumanne tarehe 11 Machi 2025 aliingia mchezoni, nilimshikia baba simu kitandani hospitalini atazame, wauguzi wawili wakasimama nyuma yangu, na mtangazaji akalitaja jina, Reynoso, wa Consuelo. Mpira wa tano, Yeuris akasimama, akatazama mkono wake, na badala ya kurusha wa sita akainua mkono wa kushoto kumwita kocha, wakaongea, akatoka uwanjani akitembea polepole.

"Wamemtoa?" baba akauliza. "Hapana, Baba, ametoka mwenyewe." "Amesema mwenyewe?" "Mwenyewe." "Basi, izime," akasema, yeye ambaye hakuwahi kuzima mechi yoyote maishani mwake.

Jioni simu ikaita, nikaiweka sikioni mwake, nikasikia sauti ya mdogo wangu, "Baraka, Baba." Baba akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Ni kiwiko au bega?" "Kiwiko." "Kisikie, ukitunze, utarudi." Alfajiri ya Jumatano tarehe 12 Machi moyo wake ulisimama, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akibishana nao kuhusu mishipa, majirani mliopika kahawa bila kuulizwa na mtakaokuja kusali nasi siku tisa za kumwombea, vinyozi wenzake waliomnyoa jana kwa mara ya mwisho, na wateja wote, ambao deni lenu la nusu kichwa tunaomba mlisamehe.

Yeuris amefika jana, yupo hapa mbele, mkono wa kulia umefungwa kifuani, nafasi ya mwaka huu imekwenda, na madaktari bado hawajatuambia kama atarusha tena. Yeye anasema atarusha. Asubuhi hii nimemwona mbele ya kioo akijichana nywele mwenyewe kwa mkono ule ule wa kulia, taratibu, mpaka juu ya kichwa, kisha akaurudisha kwenye kitambaa chake. Ameomba kubeba jeneza, na tumemkubalia, atabeba kwa mkono wa kushoto, hilo ni agizo la familia na yeyote asimpe nafasi ya kubadilisha bega. Lala sasa, Baba, uwe na amani, mkono tunautunza sisi.