Mafuta Yangu na Msumeno wa Laurian

Siku hiyo tulikuwepo watano, na ukimhesabu mtoto, sita. Mzee Antipasi, mpasua kuni. Mansuri, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Ezekieli, fundi wa pasi na majiko ya umeme, jina lake la kijiweni Volti. Tamimu, mwenye mashine ya kusaga, ambaye hata akivaa kanzu ya Idi watu humwita Pumba. Na mimi, Mama Damari, muuza kahawa, na Damari mwenyewe mgongoni. Kijiwe chetu ni ubao juu ya mawe mawili mbele ya mashine ya Tamimu, pale nguzo za umeme zinapoishia ukitoka Singida mjini kwenda Ilongero. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na tano. Katikati ya ubao, mahali pa mtu kukaa, palikuwa na boksi.

Ndani ya boksi mlikuwa na msumeno wa umeme. Laurian, mtoto wa Mzee Antipasi, alikuwa Dar akipakua makontena ya mitumba kutoka Ulaya, na aliufanyia kazi Jumapili zote kwa miezi mitano mpaka akaupata. Aliupakia kwenye basi pamoja na barua. Barua ilisema: baba, pumzisha bega, Jumamosi nakuja nikuone unakata.

Bega lile sote tulilijua. Mzee alikuwa hawezi kuingiza mkono kwenye shati bila kuegemea ukuta. Lakini kila asubuhi nilikuta kuni tatu au nne mlangoni kwangu, na nikimuuliza anasema zimedondoka kwenye mzigo.

Redio: Mzee, shoka lile kampe mtu wa makumbusho. Siku hizi ruksa, kila kitu kinaingia. Hii inakata mti kama unakata keki ya ubatizo.

Mzee Antipasi: Inakata mkungugu, mti ule mgumu?

Redio: Mkungugu? Inakata hata mwamba wa pale ziwani.

Volti: Wewe Redio, mashine inasemwa na karatasi yake. Mzee, niazime kitabu.

Kitabu kilikuwa cha Kijerumani. Volti alikishika karibu na macho, akakishika mbali, mwisho akafungua kwenye picha.

Volti: Watt elfu moja na mia sita. Si haba. Hii ni ya nyumbani, ya kupogolea bustani.

Pumba: Kwani Mzungu bustani yake ina miti?

Volti: Ina miti, ina majani, ina hata kiti cha kukalia. Angalia, huyu hapa anakata tawi. Linalingana na mkono wa Redio.

Redio: Mkono wangu si kipimo. Funua ukurasa. Huyu hapa gogo nene kama pipa.

Nilikuwa namimina kahawa, nikachungulia. Gogo nene lilikuwepo kweli, lakini limepigwa alama ya X. Mimi nimeishia darasa la saba, ila X naijua, nimeiona mara nyingi kwenye daftari langu la hesabu.

Redio: Hiyo X si kama zile walizopiga kwenye nyumba za barabarani? Maana yake hili ndilo la kuangushwa.

Pumba akacheka, Volti akakuna kichwa, na mimi nikanyamaza. Wanaume wanne wanabishana, muuza kahawa aseme nini. Ndivyo nilivyojiambia.

Mzee Antipasi: Mimi sitaki kubishana na kitabu. Nataka nijue kama Jumamosi itawaka. Kijana amejinyima. Akija akaikuta kwenye boksi itamuuma.

Volti: Mzee, nyumbani kwako umeme haupo.

Laurian aliondoka miaka sita iliyopita, na nadhani huko Dar alishazoea kuwa ukutani kuna mahali pa kuchomeka.

Pumba: Umeme upo hapa. Mzee, uwe unaleta magogo yako jioni nikimaliza kusaga. Utachomeka kwangu.

Mzee Antipasi: Na mita?

Pumba: Mita nimeuliza mimi?

Tamimu ni mtu wa kupiga kelele juu ya pishi ya mtama ikipungua kiganja, lakini hilo alilisema huku anatazama pembeni, kama mtu anayekohoa.

Mzee Antipasi: Basi tuijaribu leo, ili Jumamosi nisiaibike mbele ya mtoto.

Redio: Hayo ndiyo maneno. Haraka haraka haina baraka, tuiwashe sasa hivi.

Volti: Umesikia ulichosema?

Redio: Nimesema tuiwashe.

Volti alileta waya. Waya wenyewe aliuunga kwa vipande vitatu, kimoja cha pasi, kimoja cha taa, na kimoja sikukijua, akavifunga kwa utepe mweusi. Tamimu akazima mashine ya kusaga ili umeme wote uende kwenye msumeno. Akina mama waliokuwa na ndoo zao za mtama kwenye foleni hawakuguna. Mmoja alisema, mwacheni mzee ajaribu zawadi yake, akakaa chini na kufungua kanga amnyonyeshe mtoto.

Volti: Bado mafuta. Hii picha ya tone ina maana mnyororo unataka mafuta muda wote. Ukikauka, unaungua.

Redio: Pumba, toa oili.

Pumba: Imekwisha. Nimeagiza Dodoma.

Volti: Kwenye picha ya chupa, hapa kitabuni, wamechora jani. Labda wanakubali mafuta ya mimea.

Redio: Mimea? Singida hii tukose mafuta ya mimea?

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti, nimeyakamua asubuhi ile kwenye mashine ya mkono ya kikundi chetu. Yalikuwa bado ya vuguvugu, mazito, yana mashapo. Mafuta yakitoka pale huachwa siku mbili yatuame, kisha unachuja kwa kitambaa. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Lakini nilizifikiria zile kuni za mlangoni, na nikaona leo nimepata pa kulipa wema. Nikatoa chupa nzima.

Mzee Antipasi: Mama Damari, hayo ni ya chakula cha mtoto.

Nikamwambia: Yamedondoka kwenye mzigo, mzee.

Akacheka. Ni mara ya mwisho siku ile kumwona akicheka.

Volti: Mama Damari, sogea na mtoto. Nyuma, nyuma zaidi, mpaka kwenye ukuta.

Walianza na tawi la mwarobaini, nene kama mguu wa meza. Mzee alishika msumeno kwa mikono miwili, chini kiunoni, bila kuinua bega. Ukanguruma. Unga wa mti ukaruka mweupe, na tawi likaanguka vipande viwili kabla sijamaliza kumimina kikombe. Akakata tena. Akakata na la tatu. Akina mama wa foleni wakapiga vigelegele vya chinichini. Mzee alisimama akautazama mkono wake wa kulia kama kwamba amerudishiwa.

Volti: Inatosha. Ipumzike. Hizi za nyumbani zinataka kufanya kazi kidogo na kupumzika sana.

Redio: Kama wewe. Bwana, mwarobaini ni mboga. Lete gogo la mkungugu. Samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo gogo kavu ndilo lenyewe.

Pumba: Methali hiyo umeivalisha suruali nyuma mbele.

Redio: Laurian akija atataka kuona mwarobaini? Atasema baba anachezea vijiti.

Volti: Mzee, mimi ningeishia hapa.

Mzee Antipasi: Mkungugu ndio ulioniua bega, Ezekieli. Nikiuona unakatika, nitalala.

Nani angembishia. Wakaviringisha gogo. Msumeno ukaingia kidole kimoja, viwili. Halafu sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayebeba mzigo mlimani. Unga uliotoka sasa ulikuwa wa kahawia. Ukaja moshi. Nilisikia harufu ya karanga zinazoungua, na nikajua ni mafuta yangu.

Volti: Achia, mzee. Achia.

Mzee alianza kuachia, ila Redio naye alikuwa anasema kandamiza kidogo umebaki kidogo, na mzee akakandamiza mara moja tu. Ndani ya msumeno kitu kikalia tap. Ukanyamaza.

Volti aliufungua. Kitundu cha kupitishia mafuta kilikuwa kimezibwa na mashapo ya alizeti, yamekauka kama ukoko wa uji chunguni. Chuma cha mnyororo kilikuwa kimegeuka buluu. Ule waya alioufunga kwa utepe ulikuwa wa moto, hashiki mtu.

Mzee Antipasi: Unatengenezeka?

Volti: Mzee, mota imeungua. Kuisuka upya ni Dar, tena kwa mtu anayeijua.

Mzee akaweka kitambaa chake juu ya msumeno kama anayemfunika mtu aliyelala, akaenda nyuma ya mashine kunawa mikono. Alikawia.

Redio: Mimi nasema ni umeme. Umeme wetu unatoka bwawa la Mtera kwa miguu, unafika hapa umechoka.

Pumba: Ungekuwa umechoka, mashine yangu ingesaga?

Redio: Mashine yako imezaliwa hapa, imezoea shida. Hii imezaliwa kwenye barafu. Ukiileta kwenye jua la Novemba inapata malaria.

Volti: Malaria ya mota.

Redio: Ndiyo. Na jingine. Mjerumani alikaa nchi hii. Miti yetu alikata mingi alipojenga boma. Unadhani mkungugu umesahau? Umesikia sauti ya kwao, ukakaza moyo.

Pumba: Redio, gogo lile limekatwa mwaka jana. Mjerumani limemjua wapi?

Redio: Miti inasimuliana.

Volti: Waya niliunga mimi. Tuseme hivyo tu. Ulikuwa mwembamba, na mrefu kupita kiasi. Nililijua hilo nikiunga.

Pumba: Nami oili ningeweza kwenda kuomba kwa jirani. Niliona ni mbali.

Nilitaka kusema langu, habari ya X na ya mashapo. Badala yake nikaanza kufuta vikombe visivyo na uchafu.

Wakati huo akaja kijana kutoka upande wa barabara, ana begi dogo, vumbi la lori limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akatusalimu vizuri, shikamooni, na Tamimu akaitikia. Nikamimina kikombe cha mwisho nikampa, maana alionekana ametoka mbali. Akapokea kwa mikono miwili. Kisha akaliona boksi, akatabasamu, akauliza:

—Ile mashine ya baba inakata vizuri?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Nimekaa kijiweni pale miaka miwili, sijawahi kumwona akifanya hivyo. Volti aliangalia mikono yake. Tamimu aliingia ndani kuwasha mashine, akakumbuka kitu, akatoka bila kuwasha. Akina mama wa foleni nao waliinamia ndoo zao.

Mzee Antipasi akatokea nyuma ya mashine, mikono inadondosha maji.

—Shikamoo baba.

—Marahaba. Si ulisema Jumamosi?

—Nilipata lori.

Mzee aliondoa kile kitambaa mwenyewe.

—Inakata, mwanangu. Mwarobaini imekata kama mkate, waulize hawa. Mimi ndiye niliyelazimisha mkungugu. Nimeiharibu mimi.

Nikasema: Mafuta nilitoa mimi, hayakuwa yametuama. Na kwenye kitabu niliona alama, sikusema.

—Mama Damari alitoa mafuta ya mtoto wake, akasema mzee. Mwambie asante.

Laurian akaniambia asante. Afadhali angenitukana.

Halafu akauliza shoka liko wapi. Volti alilionyesha kwa kidole, limeegemea ukuta. Akavua shati, akalikunja vizuri akaliweka juu ya boksi, akasimama mbele ya lile gogo. Alianzia pale pale msumeno ulipoishia. Kahawa ilikuwa imekwisha kwenye birika, lakini hakuna aliyeondoka mpaka gogo likapasuka.

Alikaa siku nne. Kila asubuhi nilimwona akimvalisha baba yake shati, mkono wa kulia kwanza, kisha anachukua shoka. Jumatatu akapanda basi.

Kuni alizoacha zilitosha mpaka mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mzee alilichukua tena shoka.