Shangazi Aliyeuliza Mtoto Anakula Nini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu, Shangazi anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye faili tunalijua, lakini hata mkurugenzi, anayemzidi umri, humwita Shangazi.

Alianza kwa kuosha mirija ya vioo, akaenda chuo, akarudi na cheti na miwani. Mkono wake ni mwepesi: mgonjwa bado anauliza sindano inaanza lini, kumbe pamba imeshabandikwa. Dosari yake ni moja tu. Huimba akipanga sampuli, na sauti hakujaliwa.

Miaka tisa iliyopita tulianza kupima damu kutafuta kingamwili za seliaki, ugonjwa unaofanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe kila mara mgonjwa anapokula ngano. Wengi wetu tulikipuuza kipimo kile. Shangazi alikisomea mpaka akakimudu.

Mwaka uliofuata akaletwa binti wa miaka saba, mikono kama vijiti, tumbo limevimba. Dawa za minyoo alikuwa amepewa mara tatu, bila nafuu. Damu ikapimwa, jibu likatoka: hakuna kitu. Daktari wa watoto alikuwa tayari kuandika kwamba si seliaki. Shangazi hakutulia. Alishuka ngazi, akamkuta mama wa mtoto kwenye benchi, akamwuliza binti anakula nini. Kumbe mama alikuwa amemkataza mkate tangu miezi minne nyuma, baada ya kuona unamdhuru. Na mtu akiacha ngano, kingamwili hushuka, kipimo kisione kitu.

Daktari hakupenda kufundishwa kazi. Walibishana kwenye korido hadi muuguzi akawafungia mlango wa wodi. Mwishowe daktari alikubali: mtoto arudishiwe mkate kwa wiki sita, chini ya uangalizi wake, kisha apimwe upya.

Mama alilia. "Yaani nimlishe mwanangu kinachomuumiza, na macho yangu yanaona?"

Shangazi alibadilishana naye namba za simu, na kila jioni alimpigia kuuliza hali ya mtoto. Baadaye alituambia kwamba hajawahi kujitilia shaka kama wiki zile.

Kipimo cha pili kilipanda hadi mara kumi ya kiwango cha kawaida, na uchunguzi wa utumbo ukathibitisha. Ngano ikaondolewa jikoni moja kwa moja. Kufikia mwaka uliofuata, binti alikuwa ameongezeka kilo sita na anamshinda kaka yake mbio. Daktari yule yule ndiye aliyebandika tangazo lililopo ukutani hadi leo: kabla ya kutoa damu, mwulize mgonjwa anakula nini.

Shangazi anahamia kwa dada yake, ambaye ametuonya kwamba kwake hakuna kuimba alfajiri.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila tone ulilolichukulia kwa uzito. Ukapumzike kwa afya na kicheko. Kiti chako tutakiacha wazi hadi Jumatatu. Zaidi ya hapo hatuahidi.