Siku Baba Yenu Alipotoka Ukumbini

Usinibinulie mdomo, Neville, kabla sijaufungua wangu. Unadhani uzee umenichanganya, au namsafishia jina marehemu baba yenu kwa kuwa hawezi kujibu. Kaa. Na wewe Glenys, liache hilo birika. Gari la kunipeleka nyumba ya wazee linakuja saa tano, na haya sitayarudia, nimechoka.

Nyumba ni yenu, nusu kwa nusu. Kengele ya mkono ya shule ni ya Neville. Najua huitaki. Utaichukua.

Baba yenu aliiongoza shule ya Thornbeck miaka ishirini na sita, akastaafu, watu wakamchagua diwani kwa sababu nusu yao aliwafundisha kusoma na nusu nyingine kunawa. Ilipoletwa hoja ya kuifunga shule, wewe Neville ulizunguka na mvua ukikusanya sahihi, na siku ya kura ulikaa kwenye viti vya wananchi ukamwona anainuka, anachukua koti, anatoka. Shule ikafa kwa kura moja. Ukamwita mwoga mbele ya mji mzima, na miaka kumi na miwili ulikula nyama yangu ya Jumapili hapo ulipokaa ukisema, "Mama, mwambie huyo anisogezee chumvi."

Sasa sikilizeni, wanangu. Diwani ambaye mkewe ana kazi katika jambo linalojadiliwa hutoka nje. Ndiyo sheria yao. Na mpishi wa shule ile alikuwa nani, kama si mimi? Wiki moja kabla ya kura, baba yenu alinisihi hapo jikoni, "Edna, mpenzi, andika barua ya kuacha kazi, nibaki ndani nipige kura."

Nikamjibu, "Umestaafu wewe, Wilf, mimi sijastaafu. Kikura chako kimoja kitafanya nini?"

Akacheka. "Haya, malkia wa viazi." Akaendelea kumenya.

Nimeishia shule ya msingi, lakini kujumlisha najua. Kura zilikuwa kumi za kuiacha shule, kumi na moja za kuifunga. Yeye angezisawazisha, na mwenyekiti, mwenye kura ya kuamua zikilingana, alikuwa upande wetu. Baba yenu aliyasikia yote akiwa kwenye benchi la korido, kofia magotini. Nilipomuuliza mbona hamwambii Neville ukweli, alisema, "Akikukasirikia wewe, Jumapili atakula wapi?" Nami nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Nilikupakulia, nikapitisha chumvi.

Ngojeni... nivute pumzi.

Jivu la mwili wake limo kabatini, nyuma ya mablanketi, mwaka wa pili huu, kwa kuwa wewe Neville ulikataa kulizika. Jumapili utalibeba wewe, si Glenys. Upite nalo kwenye lango la shule, uigonge kengele. Kwenye jiwe andikeni "mwalimu", basi, udiwani haukumfaa kitu.

Mungu awape magoti mazima na... na majirani wasiosema sana. Mmekuwa watoto wazuri kiasi.

Hilo gari. Nipe fimbo. Hapana, Neville, usinishike, wala usilie, sasa hivi sina nguvu ya kukubembeleza. Kaa hapo hapo, kama ulivyokaa siku ile, unitazame nikitoka. Mlango nitaufunga mwenyewe.