Fundi Maoulida Mmadi na Majiko ya Mabinti

Fundi Maoulida Mmadi, mkaguzi wa majenzi wa mitaa ya wenyeji hapa Mahajanga, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1951, baada ya kufanya kazi ya viwanja kwa miaka ishirini na tisa. Wenzake wamenichagua mimi, Zoubeir Ahamada, msaidizi wake, niandike wasifu huu usomwe kabla ya chakula. Mwenyewe ameomba uwe kwa Kiswahili cha wazee wetu, maana Kifaransa cha ofisini anasema kimemtosha. Wenzetu wa nyanda za juu watafasiriwa kwa Kimalagasi. Nimeagizwa niuchangamshe, nami nitajitahidi.

Fundi alizaliwa kisiwa cha Nosy Be kwa wazazi waliotoka Ngazidja, na huko huko, mjini Hell-Ville, ndiko alikoanza kazi, akiwa mshika kamba ya kupimia. Kazi yake ya kwanza aliyoikumbuka daima ilikuwa Andilana, kwa mzungu mmoja mwenye mashamba. Bwana huyo alikuwa na nyumba kubwa, akataka na ya pili pembeni ili wageni wake walale karibu na ufuko. Maoulida alibeba vigingi, akavipigilia palipooneshwa, na kibali kikatoka mapema kuliko alivyotarajia mwenye nyumba mwenyewe. Alipenda kutusimulia kisa hicho na kucheka mpaka miwani ikamshuka puani. Alidhani hivyo ndivyo vibali vinavyotoka. Alihamia Mahajanga mwaka 1930 na dhana hiyo, na hazikupita wiki nyingi ikamtoka.

Kwa wale wasiozijua desturi zetu, nieleze. Kwetu sisi watu wa Komoro binti hapelekwi kwa mume. Mume ndiye anayekuja, na anamkuta binti ndani ya nyumba aliyojengewa na wazazi wake, uani kwao. Nyumba ni ya mwanamke hata ndoa ikivunjika. Baba asiyemjengea binti yake hana uso wa kukaa na wenzake barazani. Sasa sheria ya majenzi katika mitaa ya wenyeji yasema kiwanja kimoja, nyumba moja. Anayetaka ya pili aache nafasi pana kati ya kuta, aipe njia yake ya kutokea barabarani, na choo chake peke yake. Viwanja vyetu vyenyewe mnavijua: ukipiga chafya kwako, jirani anakuombea dua. Kwa hiyo kila baba mwenye binti alikuja ofisini na ombi lake, na kila ombi lilikataliwa.

Hapo ndipo Fundi alipofanya lile jambo ambalo mtaa mzima ulimpenda kwalo. Aliisoma sheria upya, akaona kwamba jiko la kusimama peke yake uani halikukatazwa. Liliamriwa hasa, kwa kuogopa moto, kwani nyumba nyingi zilikuwa za miti na makuti. Jiko, kwa mujibu wa sheria, ni chumba chenye mafiga na tundu la moshi. Haikusemwa lisizidi ukubwa gani, wala haikusemwa lisiwe na madirisha, sebule na dari ya mbao. Basi Fundi akawa anakwenda kukagua, anatafuta mafiga, anainua macho kutafuta tundu, akiviona anatia sahihi. Hakuandika neno la uongo hata mara moja, na alijivunia hilo.

Ndiyo maana nyumba za mabinti mjini hapa, karibu zote, zina tundu juu ya kitanda. Bwana harusi mmoja kutoka Nosy Be aliloweshwa na mvua usiku wa kwanza, asubuhi akamuuliza mkwewe kwa adabu kama bati limekwisha sokoni. Mkwewe akamjibu kwamba lile tundu ndilo kibali chenyewe, aliheshimu. Na Bi Saïda, mwuza vitumbua, alitaka kumridhisha mkaguzi kupita kiasi, akakoka moto wa kweli kwenye mafiga ya jiko la binti yake siku ya ukaguzi. Mapazia ya harusi yakashika moto. Fundi aliyazima kwa koti lake la kazi, akatia sahihi huku akikohoa, na kwa mwaka mzima tukamwita Mpishi.

Zawadi hakupokea, hata kuku. Pilau ya harusi alikula, tena kwa haki, na hakuna aliyemshinda. Tuliomfuata mitaani tulijifunza kwake kubisha hodi kabla ya kuingia uani, kusimama pembeni mpaka wanawake wajistiri, na kutokanyaga mboga za mtu. Binti yake wa pekee, Kouraichia, alipoposwa, Fundi alipeleka ombi la nyumba ya pili kama raia yeyote. Likakataliwa kama maombi ya wengine. Akamjengea jiko. Ni jiko zuri kuliko nyumba yangu, la kuta za mawe na chokaa, na ndani yake wamezaliwa wajukuu watatu. Mkewe, marehemu Bi Ansoifa, aliuguzwa humo na binti yake mpaka alipofariki.

Ningependa kuishia hapa na kuwaacha mle, lakini kila aliyeketi leo anajua kwa nini siwezi.

Mwanzoni mwa mwaka huu ofisi ilipata injinia mpya. Si mtu mkali. Ni mtu wa ramani. Alitazama ramani ya mitaa yetu, akaona majiko mengi kuliko nyumba, akahofia panya na moto, akaamuru majiko yote ya uani yabomolewe na kila nyumba ipikie ndani. Sheria yasema nyumba ya mtu ikibomolewa kwa amri, mwenyewe hupewa kiwanja kingine huko njia ya Belobaka. Jiko likibomolewa, mwenyewe hupewa muda wa kuondoa sufuria zake. Basi.

Fundi alikwenda kwake, nami nilikuwa nyuma yake. Alisimama, kofia mkononi, akamweleza kwamba yale si majiko, kwamba mna vitanda humo, mna wazazi waliojifungua jana, na kwamba ni yeye Maoulida aliyeyapitisha. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba kama ni nyumba, basi zilijengwa bila kibali tangu mwanzo, na nyumba isiyo na kibali nayo hubomolewa bila kupewa kiwanja, tena baba mwenye ua hushtakiwa. Afadhali zibaki majiko. Fundi akaomba ashtakiwe yeye badala yao. Injinia akamgusa bega, akamwambia amekaribia kustaafu, akapumzike. Hata lawama walimnyima.

Kazi yake ya mwisho serikalini ilikuwa kupita kila ua na kuchora msalaba mwekundu kwenye mlango wa kila jiko. Tulimwambia ajitie ugonjwa. Alikataa, akasema walau akienda yeye watabishiwa hodi. Alianza kwake. Kouraichia alimshikia kopo la rangi. Kutoka hapo tulikwenda ua kwa ua. Nilitaraji matusi, nami ningeyapokea kwa furaha. Hayakuja. Bi Saïda alimletea kiti na maji, akamwambia Mungu amlipe kwa miaka ile aliyolala binti yake katika nyumba yake mwenyewe. Fundi alikalia kile kiti, akajifunika uso kwa kofia.

Baadhi ya akina baba wamekwenda kuulizia viwanja Belobaka kwa fedha zao. Wamerudi. Huko nako ni kiwanja kimoja, nyumba moja, na orodha ya wanaongoja ni ndefu. Wengine wanazungumzia kuvuka kwenda Katsepy, wajenge vibanda upande ule wa ghuba, na waume wawe wanakuja kazini kwa chombo. Mume wa Kouraichia ni mtu mwema, ila mama yake ameshatuma salamu kutoka Nosy Be akimwuliza mwanawe anakaa kwa mke asiye na nyumba kama nani. Hajajibu. Fundi anajua kwamba hajajibu. Yeye mwenyewe atabaki na nyumba yake ya mbele, ambayo ni halali kabisa, na ua mtupu.

Sina la kuongeza la kuchangamsha. Nimetafuta. Kwa niaba ya wapimaji, wachora ramani, washika kamba na matarishi wa ofisi ya majenzi, namshukuru Fundi Maoulida kwa ustahimilivu wake, kwa mzaha wake, na kwa kutufundisha kuingia ua wa mtu kwa heshima. Tumemnunulia saa ya ukutani. Kila alichotenda alikitenda kwa ajili ya watoto wa watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumsaidia.

Ukaguzi wa mitaa ya wenyeji nimekabidhiwa mimi, na kubomoa kunaanza keshokutwa, Jumatatu. Orodha inafuata alama kwa utaratibu ule ule zilivyochorwa, kwa hiyo mlango wa kwanza ni wa Kouraichia. Jana Fundi alinivuta kando, akaniomba nisiende alfajiri, ningoje mpaka wajukuu wawe wamekwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Nimemwahidi. Fundi wetu, baba yetu, Mungu akupe uzee mwema na afya, na maisha ya raha baada ya kazi. Nitabisha hodi.