Gauni Lisilo na Mgongo

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Muuguzi Mkuu, ambaye najua amekaa karibu na jukwaa kwa sababu maalumu. Fundi wetu wa chumba cha ushonaji. Wauguzi, wapishi, wafagizi na walinzi mliobaki kazini wenzenu walipokwenda likizo. Ndugu wazazi wenzangu. Vijana wetu mliojitolea. Wanangu wawili, mmoja aliyekaa na mmoja aliyelala. Na wewe mama mkwe wangu, ambaye kama si itifaki ningekutaja wa kwanza, maana umewahi kiti cha mbele ili neno langu likiteleza ulidake kabla halijagusa chini: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa woga.

Nimepewa nafasi nizungumzie faida za vijana na familia kujitolea wakati wa likizo. Nilipoambiwa nikauliza, "Mimi?" Wamo humu waliosoma, wamo wanaojua kusema. Mimi shule niliishia njiani, na hotuba yangu ya mwisho kabla ya hii ilikuwa ya kumshawishi mtoto anywe dawa, na mtoto alishinda. Lakini Fundi akanitia moyo. Akaniambia, "Mwanangu, wengine watawaambia watu kwamba kujitolea ni kuzuri. Wewe ukisimama tu, watajua kwamba hata asiyejua kitu anaweza kuja." Nikamshukuru sana. Nilifika nyumbani, nimeshabandika sufuria jikoni, ndipo nikaelewa kwamba nimetukanwa.

Ndugu wageni, mtaani kwetu likizo ikifika mabegi hutoka chini ya vitanda. Huyu anakwenda kwa bibi yake, yule kwa shangazi yake. Binti yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Ripota kwa kuwa habari hailali kwake, alikaa kizingitini akiwaaga watu, kisha akanigeukia. "Mama, na sisi tunakwenda wapi?"

Ningemjibu nini? Baba yao ni mlinzi, na wezi hawachukui likizo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeona tangazo kwenye geti la hospitali, kwamba vijana na familia wanakaribishwa kusaidia msimu huu wa likizo, na kwamba kazi zipo za kila umri. Nikajikaza. "Tunakwenda hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Kusaidia."

Ripota huyo, mbio, kutangaza. Ila habari ikikimbia sana hudondosha mkia njiani. Jioni ile majirani walimiminika kunipa pole. Mmoja aliniletea machungwa. Nilitaka kumweleza ukweli, lakini Ripota alikuwa ameshaanza kuyamenya.

Mama mkwe naye akasema anakuja kuisaidia hospitali. Baadaye niligundua kwamba alikuja kuisaidia dhidi yangu. Tulipofika mapokezi alijitambulisha vizuri, kisha akaninyooshea kidole: "Na huyu mkwe wangu, moyo wa kusaidia anao. Shida yake iko mikononi."

Tukapelekwa chumba cha ushonaji. Wengi wenu hamjakiona. Kipo mwisho wa korido, kimepakana ukuta na chumba cha dobi, na mvuke wa dobi hupenya mpaka karatasi za ukutani zinajikunja. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na mlima wa mashuka, foronya na mapazia yanayongoja, kwa kuwa wasaidizi wa Fundi huwa likizo msimu huu, lakini wagonjwa hawaendi likizo. Vijana wakapewa kazi ya kubeba mizigo kwenda na kutoka wodini. Mama mkwe akapewa vifungo vya kurudishia. Ripota akapewa makopo ya vifungo, atenge vya matundu mawili kando na vya matundu manne kando. Mimi nikaulizwa, "Unajua kushona?"

Nikasema najua. Sikudanganya, jamani. Kabla sijaolewa nilifanya kazi kwenye kinu cha unga, kushona midomo ya magunia. Na mtu wa magunia, Mheshimiwa, akili yake ni moja tu: kilicho wazi kinangoja kufungwa.

Fundi akaniambia, "Kilichofumuka, shona," akachukua futi yake akapanda wodini kupima mapazia. Mimi, mtoto mgongoni, nikafungua furushi la magauni ya wagonjwa. La kwanza limefumuka mgongo wote, kutoka shingoni hadi pindoni. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Nikasikitika mno. Nikasema, wagonjwa hawa wamekuwa wakilalaje? Nikasema, ama kweli Fundi wa watu amezeeka. Mimi sijawahi kulazwa; wanangu wote nimewazaa kwenye zahanati ya mtaani, nikaingia na gauni langu, nikatoka na gauni langu. Ningejuaje kwamba duniani kuna gauni lililoumbwa bila mgongo?

Nikayafunga. Yote. Kwa mshono wa gunia, ule unaokwenda na kurudi, unaozuia hata unga usipite. Vile vikamba vya kufungia nyuma nilivikata nikavitupa, nikidhani ni nyuzi zilizosahauliwa. Kijana mmoja mrefu, huyo anayejificha pale nyuma, tunamwita Mlingoti, alisimama akatazama. "Mama, mbona haya jana hayakuwa hivi?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye cheo: "Kijana, beba mzigo." Akabeba. Adabu yake ndiyo iliyotuponza.

Kesho yake asubuhi Muuguzi Mkuu alishuka ngazi, gauni mkononi, amelishika kama mtu aliyekamata kuku wa jirani kwenye bustani yake.

"Nani ameshona magunia haya?"

Alisema magunia, Mheshimiwa. Hakuwa ameambiwa nilikotoka. Mama mkwe akaanza kukitazama kifungo kana kwamba hajawahi kuniona maishani mwake. Na pale kwenye makopo, sauti nyembamba, iliyojaa fahari, ikajibu: "Ni mama yangu! Na mimi nilimshikia pindo!"

Muuguzi Mkuu akatueleza. Mwenye dripu mkononi havishwi nguo ya kupitishia kichwani. Mwenye kidonda mgongoni hutazamwa bila kunyanyuliwa. Nesi aliye peke yake zamuni hawezi kumgeuza mtu mzima kama godoro kila anapotaka kumpangusa. Alikuwa na haki zote, hata haki ya kufoka, ambayo hakuitumia, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Akaamua: familia zenye watoto zihamie kufagia uwanja, na likizo nyingine chumba cha ushonaji kisiwapokee kabisa.

Ufagio mimi siuogopi, nimekua nao. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani Ripota alikuwa kimya, na Ripota akiwa kimya, mzazi, tafuta ukuta uegemee. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akaniuliza, "Mama, tumefukuzwa kusaidia?"

Ndugu zangu, mtu hufukuzwa kazi. Mtu hufukuzwa hata nyumba. Lakini mtoto aliyeacha kuwaonea wivu wenzake wenye mabegi, akaja kutenga vifungo vya watu asiowajua, utamwambiaje kwamba amefukuzwa kusaidia, na kwamba aliyemfukuzisha ni mama yake? Niliinama nikamfunga kamba ya kiatu, na kamba yenyewe haikuwa imefunguka.

Fundi ndiye aliyetuombea. Alisema, "Aliyefunga na afungue kwanza, ndipo ashike ufagio." Basi tukarudi kufumua, sisi na vijana wote, kila mtu na wembe wake. Mshono wa gunia haufumuki kwa maneno matamu. Vidole viliwaka moto, na vijana wakanimaliza: "Mama Gunia, ulikuwa unawaficha wagonjwa wasiibiwe?" "Mama Gunia, bahati yao hukuziba na mikono!" Mama mkwe alicheka mpaka akatokwa na machozi, na hiyo, kwa faida ya kujitolea, ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe kumwona akicheka nami chumba kimoja.

Tulipomaliza ikaonekana gauni moja limepungua. Liko wodi ya wanaume, mwilini mwa mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu aliyelazwa kwa ajili ya mguu, na mwenyewe amegoma kulivua. Manesi wamembembeleza, wapi. Tukapanda msafara mzima: Muuguzi Mkuu mbele, Fundi, mama mkwe, na mimi nyuma na wembe wangu, tayari kumfumua mzee wa watu.

Tulimkuta amesimama dirishani.

"Mzee wangu," Muuguzi Mkuu akamwambia, "hilo gauni limekosewa."

"Haya mengine ndiyo yamekosewa," akajibu. "Kila asubuhi mnaniambia, mzee tembea, mguu hauponi kitandani. Nitembeeje, mbele nakutana na watu, na nyuma yangu nayo inawasalimia kivyake? Jana wajukuu zangu wamekuja. Nimeshuka kitandani. Nimewasindikiza mpaka mlangoni. Sasa njooni mlivue."

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa hutembei? Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza kama mguu unauma, mwanangu. Mguu hauumi. Kinachouma ni aibu."

Muuguzi Mkuu alivuta kiti akakaa, na mimi sijawahi kumwona akikaa kazini. "Lazima lifunguke," alisema taratibu. "Lazima lifunike," alisema mzee. Wakatazamana. Ndipo mama mkwe wangu, ambaye alikuja kunichunga tu, akasema, "Nyie watu, si mfanye kama sketi yangu hii ya kuzungusha? Inafunguka yote, na haijawahi kuniaibisha popote." Akageuka akatuonyesha. Upande mmoja unapita juu ya mwenzake, unafungwa ubavuni, kwisha.

Fundi akashika ile sketi, kwa ruhusa, akaitazama. "Kitambaa tunacho," akasema. "Mashuka huchakaa katikati tu, kingo zake bado nzima. Tusichokuwa nacho ni mikono." Muuguzi Mkuu akanitazama mimi, kisha mikono yangu, kisha mimi. "Hata hii?" Fundi akasema, "Nikiisimamia."

Hivyo ndivyo tulivyorudishwa. Vijana walichana mashuka, mama mkwe alikata, Ripota alipitisha vikamba, nami nilishona, kwa sababu mstari ulionyooka naujua. Hata gunia lina mstari. Mpaka likizo inakwisha tumemaliza wodi ya wanaume. Wodi ya wanaume peke yake. Bado wodi ya akina mama, bado ya wazazi, bado ya watoto. Wasaidizi wa Fundi wakirudi watamezwa na mapazia na foronya za kila siku.

Nami sitaki kuwaficha jambo. Muuguzi Mkuu aliniambia hivi: "Nitaamua siku ya kufunga. Nikiona familia zimejiandikisha kwenye ile meza, likizo ijayo chumba kitakuwa chenu. Nikikuona wewe peke yako, mama, ufagio unakusubiri." Siku ya kufunga ni leo. Meza ni ile pale mlangoni. Nimeichungulia kabla ya kupanda hapa, na walioandikwa ni mama mkwe, mimi, Ripota, na mdogo wake ambaye hata kutambaa bado. Ripota amemwombea nafasi ya usimamizi.

Mzazi mwenzangu, unasema una watoto wadogo? Wangu mmoja amelala mgongoni mwa bibi yake hivi ninavyosema. Unasema hujui kazi? Unanitazama mimi na bado unasema hujui kazi? Kijana, unasema utachoka? Muulize Mlingoti, aliyeburutwa hapa na baba yake siku ya kwanza, na sasa baba yake anamtafuta chakula kikipoa.

Mwisho, nimekuja na gauni moja la zamani, ambalo bado hatujaligusa. Hili hapa. Naomba mtu mzima mmoja, mwenye heshima zake, alivae juu ya nguo zake, apande hapa, kisha atupe mgongo. Hutaonekana kitu, umevaa ndani. Nani?

Karibuni.

Mheshimiwa, naona unakagua viatu. Mganga Mkuu, simu hiyo haijaita. Wazee wangu? Vijana wa mbwembwe? Hakuna. Tuko wazima, tumevaa, tuko miongoni mwa ndugu, na bado hakuna. Basi hotuba yangu ilikuwa hiyo tu, hayo mengine yalikuwa kelele.

Lo. Subirini. Muuguzi Mkuu anapanda. Ripota, njoo umfunge mama vikamba, vya namna ile mama yako aliyoikata. Taratibu. Haya mama, geuka. Ona, feni tu, na linapepea lote. Unajisikiaje, mama?

Anasema baridi.

Anasema pia nifupishe, watu wana kazi mezani. Na kweli, tazameni pale: mzee Dereva ameshainuka, anaelekea mlangoni kwa mguu wake huo huo. Mpisheni. Amevaa suruali na koti, nyuma yake leo hakuna cha kutazama ila sisi tunaomfuata.

Mheshimiwa, nakushukuru kwa kuja. Muuguzi Mkuu, nakushukuru kwa mgongo wako. Nyote asanteni kwa kunisikiliza. Pitieni mezani kabla ya kutoka, na atakayejaribu kunipita akumbuke kwamba mlango ule uko wazi, na mimi vitu vilivyo wazi mnajua ninachovifanyia.