Vigoda vya Chakula cha Jioni vya Mzee Revelian

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, hapa Goba, Kokuberwa alikuwa anaosha vyombo vya jana yake, akakuta sahani ya baba yake bado imefunikwa, ugali na maharage havijaguswa, na kabla hajajiuliza, mwanawe Brightson akaita kutoka bandani, "Mama, njoo, babu yuko chini!"

Babu huyo ndiye Mzee Revelian tunayemsindikiza leo, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1951, Kamachumu, wilayani Muleba, akasoma huko huko kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akajifunza kuchonga vigoda kwa mjomba wake Polikarpo, akaja Dar es Salaam mwaka 1974 kufanya kazi katika karakana ya samani Buguruni, na baada ya kustaafu akajenga banda lake nyuma ya nyumba hii. Kigoda chake kilitoka katika gogo moja, miguu na kikalio pamoja, bila msumari wala gundi, na hakushika tezo mpaka mwenye kigoda akalishwe kwanza juu ya lundo la mchanga, aongezewe na kupunguziwa, hadi magoti yatulie na kimo cha kigoda kijulikane. Wateja walimtania, "Mzee, kigoda kimoja wiki mbili, anakalia mfalme?" naye akawajibu, "Kila mtu ana magoti yake."

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na Avelina, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wawili, Kokuberwa na Ferdinand, na kila mtoto, kisha kila mkwe na mjukuu, alichongewa kigoda chake, na jioni Mzee hakuruhusu chakula kipakuliwe ikiwa kigoda kimoja ni kitupu, mwenyewe atafutwe kwanza.

Mwaka 2019 Kokuberwa alinunua meza na viti vya dukani, akavipeleka vigoda stoo, na tangu hapo kila mtu akala kwa wakati wake, cha aliyechelewa kikafunikwa. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu ile, Mzee alipoanguka bandani kwa kiharusi alasiri, nyumba nzima ikala ikalala, kila mmoja akidhani yuko chumbani kwake. Daktari alisema angewahishwa ingesaidia, na ile sahani Kokuberwa ndiye aliyeifunika kwa mkono wake. Mzee alifariki hospitalini Jumamosi, tarehe 17 Mei, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maturubai na masufuria, na mafundi wenzake wa Buguruni, waliounganisha jeneza hili bila msumari hata mmoja.

Jana jioni Kokuberwa alivitoa vigoda stoo, akavifuta vumbi, akavipanga, akakataa kupakua mpaka Ferdinand aliyekuwa njiani kutoka Mwanza alipoingia na kukaa. Kigoda kitupu kikabaki kimoja, na mwenyewe tulijua alipo.

Chakula kimepakuliwa, baba, wote tumefika. Nawe sasa pumzika.